Jina la baba, la mama au la babu? Ulinganisho kwa wazazi wanaotafuta jina la mtoto

Wazazi wengi wa Tanzania wakikaa kutafuta jina la mtoto huwa wanajadili jina moja tu. Mawili yaliyobaki yameshaamuliwa kabla hata mimba haijatungwa: la pili ni la baba, la tatu ni la babu au la ukoo. Mama huambiwa achague hilo la kwanza, na mara nyingi anakuta mama mkwe ameshalitaja.

Naandika haya kwa ajili ya wazazi wanaotaka mtoto abebe jina la mmoja wao na hawajui waliweke wapi, hasa pale mtoto anapokuwa wa kike na jina ni la kiume, au baba na mama wanapokuwa wametoka kwenye mila mbili zisizofanana. Nimezipima taratibu kadhaa kwa maswali matatu: nani anaonekana ndani ya jina, binti anapata haki sawa na kaka yake au la, na makaratasi yatasumbua kiasi gani mbele ya safari.

Mnyororo wa baba

Huu ndio tuliouzoea Tanzania na pwani yote. Waomani, Wasomali na Waethiopia nao wana wa kwao unaofanana na huu. Mtoto ana jina lake, linafuata la baba, kisha la babu. Rais wa kwanza wa Zanzibar aliitwa Abeid Amani Karume. Mwanawe, aliyeshika urais wa visiwa hivyo kuanzia 2000 hadi 2010, ni Amani Abeid Karume. Baba hakumpa mwanawe jina lake mwenyewe. Alimpa la babu, na la kwake likaja lenyewe nafasi ya pili. Ukiyasoma hayo majina mawili pamoja unavipata vizazi vitatu bila kuuliza mtu.

Mnyororo huu una heshima kubwa kwa mwanamke katika jambo moja: haumnyang'anyi jina anapoolewa. Samia Suluhu Hassan ni binti wa Suluhu Hassan, na ndoa haikuligusa jina lake. Zamani tungetia "binti" katikati, kama Siti binti Saad, au Fatuma binti Baraka ambaye wengi tulimjua kwa jina la Bi Kidude. Mfano wa wazi zaidi ni Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Kwa utaratibu wa kwao alikuwa Salme binti Said, na angebaki hivyo hata angeolewa na nani. Alipobatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani mwaka 1867 akawa Emily Ruete: la kwanza jipya, la pili la mume, na jina la Sultani baba yake halionekani tena popote.

Kasoro ya mnyororo huu ni mama. Hayumo kabisa. Wanu Hafidh Ameir ni mwanasiasa wa Zanzibar anayejulikana, na mama yake ndiye Rais Samia. Lisome jina lake mara kumi, hutamwona mama. Hakuna aliyekosea hapo, utaratibu ndivyo unavyofanya kazi. Lakini kama kuonekana kwa mama ni jambo lililo moyoni mwenu, mjue mapema kwamba mnyororo huu hautawasaidia. Itabidi mmuweke mama kwenye jina la kwanza, kwa sababu ndiyo nafasi pekee iliyo wazi.

Suala la pili ni mahali pa kuukata. Julius Kambarage Nyerere alikuwa mtoto wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki. Kwa hiyo Nyerere lilikuwa jina la mtu mmoja, baba mtu. Leo wajukuu na vitukuu wanalibeba kama jina la familia. Vivyo hivyo kwa Ali Hassan Mwinyi: kama mnyororo ungeendelea kwa majina matatu bila kukatwa, mwanawe angeandikwa Hussein Ali Hassan. Anaitwa Hussein Ali Mwinyi kwa sababu familia ililikamata jina moja na kulishikilia. Familia nyingi zinafanya hivyo bila kukaa chini na kuamua, na matokeo yake ni ndugu wa tumbo moja wenye majina ya mwisho tofauti kwenye vyeti. Kaka ameandikwa jina la babu, dada ameandikwa la ukoo. Kijijini haisumbui. Inasumbua kwenye mirathi, na inasumbua kwenye dirisha la uhamiaji, pale mama na mtoto wake wanapoulizwa mbona majina yao hayakutani.

Mkia unaobadilika kwa jinsia

Iceland wana mnyororo kama wetu, ila wao huishia kwa baba tu, hawafiki kwa babu, na mkia wa jina hufuata jinsia ya mtoto: -son kwa wa kiume, -dóttir kwa wa kike. Vigdís Finnbogadóttir, aliyechaguliwa kuwa rais mwaka 1980, ni binti wa Finnbogi. Ndugu wa kiume wa baba huyohuyo angekuwa Finnbogason. Ni bin na binti yetu, ila imeshonwa mwishoni badala ya kukaa katikati. Tofauti kubwa ni kwamba sheria yao inaruhusu mtoto abebe jina la mama badala ya la baba. Mchezaji mpira wa zamani Heiðar Helguson ana jina la mama yake, Helga. Dagur Bergþóruson Eggertsson, aliyekuwa meya wa Reykjavík kwa miaka kumi, anabeba wote wawili, mama kwanza kisha baba. Na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, aliyesajiliwa bila jinsia ya kiume wala ya kike anaweza kutumia mkia wa -bur.

Warusi wanabeba jina la baba katikati na la ukoo mwishoni, na yote mawili huitikia jinsia. Vladimir Putin ni Vladimir Vladimirovich. Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu mwaka 1963, ni Valentina Vladimirovna. Baba zao wote wawili waliitwa Vladimir. Mrusi akimheshimu mtu humwita kwa jina lake na la baba yake pamoja, kwa hiyo baba anatajwa kila siku ofisini na shuleni, hata awe ameshafariki. Kwa heshima ya kila siku sijaona utaratibu unaoushinda huu. Kwa mama, ni uleule ukimya.

Kwetu, aliyeukaribia mkia huu ni Mkalenjin wa kiume. Baba yake Daniel arap Moi aliitwa Kimoi arap Chebii. Kijana alipotoka jandoni alichukua jina la baba, akalivua Ki- ya mbele, akatanguliza arap: arap Moi. Ni njia nzuri ya kusema kijana amekua na sasa anasimama kwa baba yake. Wasichana hawakupewa arap. Ukiwa na watoto wa jinsia zote mbili na unataka usawa, hapo ndipo pagumu.

Kumrudisha babu na bibi

Wakikuyu wana utaratibu uliopangwa vizuri kuliko wote ninaoujua Afrika Mashariki. Mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la baba wa baba. Wa pili wa kiume, la baba wa mama. Wa kwanza wa kike, la mama wa baba, na wa pili wa kike la mama wa mama. Baada ya hao wanafuata baba wakubwa, wajomba na mashangazi. Huchagui, unafuata zamu.

Ukitaka kuuona ukifanya kazi, itazame familia ya Kenyatta. Mzee Jomo alizaliwa Kamau, mtoto wa Muigai. Uhuru, mtoto wa kwanza wa kiume wa Mama Ngina, mke wa Jomo, ni Uhuru Muigai Kenyatta. Mdogo wake wa kiume anaitwa Muhoho, na Muhoho ndilo jina la baba yake Mama Ngina. Kwa Wangari Maathai ni vivyo hivyo. Yeye alizaliwa Wangari, binti wa Muta. Mtoto wake wa pili wa kiume akaitwa Muta.

Hapa upande wa mama umo, na umo kwa haki inayojulikana na kila mtu, wala si kwa hisani ya mume. Ndiyo maana ninaupenda utaratibu huu. Tena una jambo la ndani ya nyumba ambalo fomu haiwezi kulionyesha. Mama wa Kikuyu aliyempa mwanawe jina la baba yake mzazi humwita "baba". Anamwogesha kwenye karai huku anamwambia baba inua mkono, baba funga macho sabuni isiingie. Pwani pia utasikia mama akimwita bintiye "bibi" au "mama" kwa sababu jina lile ni la mama mkwe, na haliitwi kwa ukali hata mtoto akivunja sahani zote za kabatini. Mtoto anakua akijua kuna mtu mzima ndani ya jina lake.

Ugumu wake ni idadi. Utaratibu wa zamu unahitaji watoto wanne, tena wa kiume wawili na wa kike wawili, ndipo kila babu na kila bibi apate wajina. Familia ya siku hizi ya watoto wawili, wote wa kiume, inaacha bibi wote wawili nje. Hapo ndipo swali la kuvusha jina kutoka jinsia moja kwenda nyingine linapoanza kuwa la maana, na nitalirudia.

Jambo moja la kuulizana kabla ya kufuata njia hii katika ndoa ya mchanganyiko: kwa wenzenu, je, inafaa kumpa mtoto jina la mtu aliye hai? Wayahudi wa Ashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, hawafanyi hivyo. Wao humwita mtoto kwa jina la ndugu aliyefariki. Wayahudi wa Sephardi, wenye asili ya Uhispania na Ureno, humpa mtoto jina la babu aliye hai, na babu hufurahi. China ya zamani ilikwenda mbali zaidi, herufi za jina la mzazi ziliepukwa kabisa kwa heshima. Wajaluo nao wana jina la marehemu wa ukoo linalomjia mtoto, ambalo halihusiani na kumheshimu aliye hai. Bibi mmoja atalia kwa furaha kusikia mjukuu ana jina lake. Mwingine atahisi mmemchimbia kaburi. Ulizeni kwanza.

Jina lilelile kama lilivyo

Baba na mwana kubeba jina moja kamili ni desturi ya Marekani zaidi, na huku imeingia kwa neno Junior. Baba yake Martin Luther King alikuwa Michael King. Baada ya safari ya Ujerumani mwaka 1934 alianza kutumia jina la Martin Luther, na mwanawe, aliyezaliwa Michael mwaka 1929, akalichukua pia. Barack Obama aliyezaliwa Honolulu mwaka 1961 ni Barack Hussein Obama wa pili.

Siushauri. Ripoti za hospitali, madeni na barua za benki huchanganyika. Na njia hii haina mlango kwa binti: huwezi kumwita msichana Barack Junior. Kama umeipenda kwa ajili ya kumheshimu baba, mnyororo wetu tayari unampa baba nafasi ya pili bila kumnyima mtoto jina lake.

Kulivusha jina kutoka kwa baba kwenda kwa binti, au kutoka kwa mama kwenda kwa mwana

Hapa ndipo lugha zetu zina utajiri ambao wazazi wengi hawautumii. Kijaluo kinabadilisha herufi moja tu. Otieno na Atieno, Ochieng na Achieng, Odhiambo na Adhiambo, Okoth na Akoth. Kikalenjin kinabadilisha kichwa cha jina: Kiptoo na Cheptoo, Kipkoech na Chepkoech, Kiprotich na Cherotich. Kiswahili cha pwani kinatanguliza Mwana: Juma na Mwanajuma, Hamisi na Mwanahamisi, Idi na Mwanaidi. Majina ya Kiarabu yanaongeza mkia: Rashid na Rashida, Said na Saida, Habib na Habiba, Latif na Latifa, Jamil na Jamila. Ya Kikristo pia: Joseph na Josephine, Paulo na Paulina, Daniel na Daniela, George na Georgina.

Tahadhari moja kwa Kijaluo na Kikalenjin: majina hayo hutokana na wakati au hali ya kuzaliwa. Ukimwita binti Atieno kwa sababu baba yake ni Otieno, ilhali amezaliwa saa sita mchana, wazee watakushangaa. Kwa hiyo waeleze mapema kwamba ni la baba yake. Pwani hakuna tatizo kubwa la namna hiyo, Mwanajuma wengi hawakuzaliwa Ijumaa.

Tofautisha pia kati ya jina la mtoto mwenyewe na jina la baba linalofuata. La mtoto linafuata jinsia yake, la baba linabaki kama lilivyo. Dada yake Obama ni Auma Obama: Auma ni la kike, na mwenzake wa kiume angekuwa Ouma, lakini Obama halikugeuzwa. Mkimbiaji Faith Chepngetich Kipyegon, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mara tatu mfululizo, ana Chep- kwenye jina lake na Kip- kwenye la upande wa baba, yote katika pumzi moja. Karani asiyejua atauliza kama kuna kosa. Hakuna.

Warumi wa kale walilifanya jambo hili kwa ukali. Binti wa Gaius Julius Caesar aliitwa Julia, binti wa Marcus Tullius Cicero aliitwa Tullia, na kama mabinti walikuwa wawili wote waliitwa hivyohivyo, mkubwa na mdogo. Binti alikuwa na jina la ukoo wa baba lililovishwa mkia wa kike, na mara nyingi hakuwa na la kwake peke yake. Ni onyo zuri. Kulivusha jina la baba kunapendeza kama binti analipokea likiwa la kwake, si lebo ya kuonyesha ametoka nyumba gani.

Njia ya kurudi, kutoka kwa mama kwenda kwa mwana wa kiume, haitumiki sana, na naiona ni hasara. Mama Jamila anaweza kuwa na mtoto Jamil. Mama Saida, mtoto Said. Achieng ana Ochieng. Na yapo majina ambayo hayahitaji hata kugeuzwa: Amani, Furaha, Tumaini, Riziki na Zawadi yanavaliwa na wote. Yule bibi aliyekosa wajina kwa sababu wajukuu wote ni wavulana, kama anaitwa Furaha, hajakosa chochote.

Kumpa mama nafasi ya mwisho

Uhispania mtoto ana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama. Zamani la baba lilitangulia kwa lazima. Tangu 1999 wazazi wanaweza kubadilisha mpangilio, na tangu 2017 la baba halipewi kipaumbele: wazazi wenyewe ndio wanaosema lipi litangulie, na wadogo zake mtoto wa kwanza hufuata mpangilio huohuo. Wareno wanatanguliza la mama na kumalizia na la baba. Kwa mtazamo wangu huo wa Kihispania ndio wa haki kuliko yote kwenye karatasi, ingawa na wao, kizazi kinachofuata, mara nyingi ni la bibi linalodondoka. Mchoraji Pablo Picasso alikuwa Ruiz kwa baba. Picasso ni la mama yake, na ndilo alilotia saini kwenye picha zake.

Kwetu, jina la mama nyuma ya jina la mtoto limekuwa likisomwa kama tangazo kwamba hakuna baba. Watoto wameumizwa na hilo shuleni, na ni dhuluma. Kwa Wakikuyu mama asiyeolewa huwapa watoto majina ya wazazi wake, nao wanakua na babu na bibi kamili. Kenya, mwaka 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichozuia jina la baba lisiandikwe kwenye cheti cha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mpaka baba aombe pamoja na mama, kinakiuka katiba. Kwa hiyo huko, mama anayelea peke yake na anayetaka la baba liwepo hana haja ya kumsubiri baba apende.

Njia ya mwisho ni kutombebesha mtoto jina la mzazi yeyote. Rwanda na Burundi kila mtoto hupata jina lake la Kinyarwanda au la Kirundi. Rais Pierre Nkurunziza alikuwa mtoto wa Eustache Ngabisha, na hakuna ajabu yoyote. Ndugu watano, majina matano. Kwa anayeishi huko ni sawa kabisa. Kwa anayehamia Ubelgiji au Kanada na watoto, ajiandae kubeba vyeti vya kuzaliwa kila safari.

Sasa ukichagua

Kama mnaishi Tanzania na hamna mpango wa kuhama, baki na mnyororo wa baba, lakini la kwanza litoke upande wa mama. Liwe la mama yake, la baba yake, au la mama mwenyewe lililogeuzwa kwa jinsia ya mtoto. Bila hilo, kwenye cheti upande mzima wa mama hauna hata neno moja.

Kama mmoja ni Mkikuyu na mwingine ni wa pwani, fuateni zamu ya Kikuyu kwenye la kwanza na mnyororo wa pwani kwenye yanayofuata. Hazigombani, kwa sababu moja inashughulika na mbele na nyingine na nyuma.

Kama mko ughaibuni au mnaelekea huko, chagueni leo jina moja la mwisho kwa watoto wote na mlishikilie, iwe la babu, la ukoo au la mama. Ukiolewa ukiwa huko, hulazimiki kubadilisha lako kwa sababu tu jirani amebadilisha. Wangari alipoachika mwaka 1979, mume alitaka jina lake lirudi. Yeye akaongeza herufi moja, Mathai ikawa Maathai, akaendelea na kazi zake. Salme binti Said angebaki na lake lisingehitaji kurudishwa kwa mtu.

Kama wewe ni mama unayelea peke yako, mpe mtoto jina la baba yako bila kunong'ona. Ni babu yake.

Na kabla ya kujaza fomu ya cheti cha kuzaliwa, wekeni mezani vitambulisho vya wazazi wote wawili, mnakili herufi kwa herufi. Khamis si Hamisi, Mohamed si Muhammad, Fatuma si Fatma, kwa karani wa pasipoti hao ni watu sita. Mkikuta baba mwenyewe ameandikwa namna mbili kwenye karatasi zake, rekebisheni za baba kwanza, ndipo mwende kuandikisha mtoto.